Nilimkabidhi Kijana wa Ukoo Tovuti, Akaondoka na Jina la Mama Yangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa Garissa, mjane, nimeshavuka hamsini. Jamaa zangu wamenisihi nisiseme haya. Eti mambo ya ukoo hayaanikwi mbele za watu. Basi leo mimi naanika, na anayeona haya afunike uso!

Mkasa huu ulinikuta mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya ile mvua ya El Niño, barabara ya Nairobi ikiwa bado mashimo matupu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto bado wadogo, nami nikiwalisha kwa biashara ya uunsi. Asiyeujua, uunsi ni ubani unaopikwa kwa sukari, sandali na manukato. Kwetu Wasomali, nyumba isiyofukizwa uunsi haina mwenyewe, na harusi bila uunsi ni mkutano tu.

Upishi wake nilifundishwa na mama yangu, Dahira. Soko zima la Garissa lilijua Uunsi wa Dahira. Walikuja wanawake kutoka Ijara, na wengine walitoka mbali kule Rhamu wakapita maduka kumi ya uunsi wakinitafuta mimi. Mama alipofariki hakuniachia ngamia wala kiwanja. Aliniachia sufuria, mkono wa kupika, na jina lake. Hilo jina ndilo lililokuwa mali yangu yote.

Siku moja dada yangu Sahra, aliyekuwa akiishi Toronto, alinipigia simu. Akaniambia Wasomali wa huko wanatamani uunsi wa nyumbani mpaka machozi yanawatoka, na kuna kitu kinaitwa intaneti, unaweka duka lako humo na mtu wa Toronto analiona akiwa sebuleni kwake. Akasema, "Abaayo, dada yangu, tafuta mtu akutengenezee tovuti. Lakini tafuta anayejua!"

Anayejua... Laiti ningelisikia hilo neno kwa masikio yote mawili!

Wakati huo Garissa hapakuwa na intaneti. Kompyuta zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Palikuwa na mwalimu mmoja, Mutua, Mkamba, aliyefundisha watu kupiga chapa na kutumia kompyuta kwenye chumba karibu na posta. Nilimwendea. Alinikaribisha vizuri, lakini jamani, maswali! Wateja wangu ni nani? Wakiutaka uunsi watanipata kwa simu gani? Nani atajibu? Nitautumaje usivunjike njiani? Akataka kunionyesha kurasa alizowatengenezea wafuga nyuki wa kwao. Nikamwambia mimi siuzi asali.

Kisha akauliza swali lililonichoma. Anwani ya tovuti itaandikishwa kwa jina la nani, na siku tukigombana, nani atabaki nayo?

Nilisimama, nikavuta shela yangu, nikatoka. Tukigombana! Hata kazi hatujaanza, mtu ameshaniwekea ugomvi mezani! Nikajisemea, hawa watu wa nje ndivyo walivyo, wanakukaribia huku wanahesabu mlango wa kutokea.

Jioni nilimweleza adeer yangu Bishar, mdogo wake marehemu baba. Adeer alicheka sana. Akasema, "Mali ya ukoo unapelekea mtu hata babu yake hujui? Kombuta si kitu kubwa. Tuko na kijana wetu Nairobi." Wiki haikuisha, kijana akaletwa.

Alijiita Abdinasir. Subhanallah, kile kijana! Miwani myeusi ndani ya nyumba. Kimkoba cha disketi begani. Marashi yalitangulia mlangoni, yeye akafuata. Alizaliwa upande wa Griftu, akakulia Nairobi, na kila neno la tatu lilikuwa Sheng. Mimi sikuwa nimemwona maishani mwangu.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nilipozika akili yangu kwa mikono yangu. Adeer hakumwuliza amesomea wapi. Mimi sikumwuliza ametengeneza tovuti ya nani. Tulimwuliza abtirsi! Kwetu mtu hujitambulisha kwa kuhesabu baba, babu, na baba za babu, na mtoto hufundishwa nasaba hiyo kabla hajajua kufunga viatu. Abdinasir akakaa sawa, akavua miwani, akaanza kuhesabu. Jina baada ya jina, bila kukwama. Akafika kwenye babu ambaye hata mimi ni wake, tukakutana hapo. Adeer akapiga paja, "Umesikia? Damu yako hiyo!" Nami, mwanamke mzima, nikafuta machozi. Akaniita eddo, shangazi. Nikamchinjia mbuzi.

Hebu niambieni... orodha ya wazee waliokufa zamani za ngamia ingejuaje kutengeneza tovuti?

Abdinasir hakuniuliza hata swali moja kuhusu biashara. Mimi nikaona huo ndio uungwana! Alipiga picha chetezo changu, makopo yangu na jiko langu. Kisha akaomba picha ya marehemu mama. "Eddo, wateja wa majuu wanapenda stori. Wakimwona ayeeyo, bibi mwenyewe, wataamini." Nilikuwa na picha moja tu ya mama, ile ya kipande iliyokuzwa studio. Nilimpa. Nilimpa kwa mkono wangu, nikasema Bismillahi.

Baada ya muda akarudi na karatasi. Ndiyo, karatasi! Ukurasa umechapwa kwa rangi, umefunikwa plastiki. Juu kabisa, Uunsi wa Dahira, na mama akitazama. "Hiyo ndiyo tovuti yako, eddo." Nikaitundika ukutani dukani. Majirani wakaja kuitazama, nikawanunulia soda. Adeer aliwaleta wazee wenzake, wakasimama mbele ya ile karatasi wakatikisa vichwa kwa heshima. Chini palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Kiingereza sikukijua, na hakuna aliyejishughulisha kuyasoma. Tulikuwa kundi la wajinga mbele ya plastiki, na mimi ndiye niliyekuwa mgawa soda wao!

Nikangoja wateja. Nikapika uunsi, nikajaza makopo, nikayapanga. Kimya. Nikimpigia Abdinasir anajibu, "Eddo, tulia. Intaneti inazunguka dunia nzima, si mchezo." Nikatulia. Mtu akikuambia kitu kinazunguka dunia, utabisha nini nawe hujawahi kuvuka Thika?

Kisha Sahra akapiga simu. Hakuniamkia. Akafoka, "Mbona unatuaibisha? Watu huku wamenunua uunsi wako, ni unga wa mbao na marashi ya bei ya bure! Nyumba ya rafiki yangu imenuka kama mpira umeungua! Huko ndiko ulikomfikisha mama?"

Nikamwambia sijatuma hata kopo moja. Akanisomea anwani ya tovuti waliyoagizia, nikaiandika kiganjani.

Kesho yake nilipanda basi la Nairobi. Nikaulizia mahali penye intaneti, nikaonyeshwa ghorofa moja katikati ya mji. Binti wa pale alinifungulia ile tovuti, akanitafsiria kwa Kiswahili polepole. Mama alikuwepo, picha ile ile. Chini yake yale maandishi madogo ya Kiingereza yalisema kwamba Abdinasir ni mjukuu wa Dahira, ndiye mrithi pekee wa upishi wake, na uunsi wote halali unatoka duka lake Eastleigh. Simu yake. Faksi yake. Mimi sikutajwa popote. Nikamwomba yule binti atazame vizuri, pengine jina langu limejificha chini. Alitazama, maskini, akanionea huruma.

Nilikwenda moja kwa moja Eastleigh. Nilimkuta amekaa nyuma ya kioo, makopo yamepangwa mpaka darini, na juu ya kila kopo... uso wa mama yangu! Nilifungua moja nikanusa. Wallahi nilikohoa mpaka nikashika ukuta.

Nikamwuliza, "Waria, wewe kijana, huogopi Mungu?"

Hata hakusimama. Akanijibu huku anatafuna miraa, "Eddo, tovuti nimetengeneza mimi, imeandikishwa kwa jina langu. Wewe una sufuria. Kwani nimechukua sufuria?"

Nimekutana na wezi wa mifugo wenye adabu kuliko yule. Mwizi wa ngamia angalau hukimbia!

Nilimshtaki kwa wazee wa ukoo. Nikadhani hapo nitapata haki. Walikaa tangu asubuhi, wakanywa chai yangu yote, wakahitimisha kwamba kijana amekosea lakini ni mtoto wa nyumba, na jina Dahira ni la familia, basi halikwenda mbali. Tena wakaniuliza, je, nitampeleka damu yangu polisi? Wakamtoza mbuzi wa radhi. Mbuzi akachinjwa hapo hapo, na aliyekula mapaja ni Abdinasir mwenyewe! Adeer akaniambia nitabasamu. Nilimtazama yule mzee na mafuta yakimchuruzika kidevuni, na heshima yangu kwake ikaishia pale.

Nikarudi kwa Mutua na uso wangu chini. Hakunicheka, ingawa ningestahili. Akanieleza kwamba ile anwani hawezi kuitoa mkononi mwa Abdinasir, ila anaweza kunitengenezea nyingine. Akaniuliza upya maswali yale yale, nami safari hii nikajibu kila moja. Akaenda Nairobi kuiweka mtandaoni, tovuti ikaandikishwa kwa jina langu. Lakini barua zilizokuja kutoka ng'ambo zilikuwa matusi matupu. Mimi ndiye bandia! Mimi ndiye mwizi ninayeiga jina la marehemu bibi wa watu! Wengine waliniombea laana.

Mwaka uleule binti wa Sahra aliolewa. Nilipika uunsi wa harusi yake kama mama alivyompikia Sahra, nikautuma na msafiri. Siku zikapita, Sahra hasemi lolote. Nilipombana, alilia kwenye simu. Mama mkwe wa yule binti alikuja na makopo ya Abdinasir, akajigamba mbele ya wanawake wote kwamba ameagiza Dahira halisi kwenye intaneti, si ule wa yule mwanamke mwongo wa Garissa. Sahra aliogopa kuwaaibisha wakwe siku ya harusi. Wangu ukabaki jikoni haujafunguliwa, na mjukuu wa mama yangu akafukizwa unga wa mbao.

Yule mwanamke mwongo wa Garissa... ndiye mimi!

Wasomaji, leo Abdinasir ana maduka, ana tumbo, na wazee wanampisha akae mbele. Sitawadanganya kwamba Mungu alimwangusha. Bado.

Ninachowaomba ni hiki. Mkitaka mtu wa kuwatengenezea tovuti, msiniige. Msimchague kwa sababu ni wa kwenu, anaamkia vizuri na anajua babu zenu. Mwambieni afungue kazi zake mzione. Mwulizeni anwani itakuwa ya nani, na muione imeandikwa jina lenu kabla hamjampa hata picha moja. Akiwauliza maswali mpaka mkachoka, mvumilieni, huyo anataka kuijua kazi yenu. Na akija asiyeuliza chochote, anayetabasamu na kuitikia kila kitu, mnyimeni hata chai. Hana la kuuliza huyo, ameshajua anachokuja kuchukua.