Baba Mkwe Kaketi Mstari wa Mbele

"Toka, Tupo! Baba anaingia!"

Ackson alininong'oneza kutoka pembeni ya jukwaa, macho yamemtoka. Nikatupa jicho mlangoni. Kweli, baba yake mwenyewe, koti refu, mwavuli unachuruzika maji, buti zimejaa tope la kwao Suma, anakaribishwa kwenye kiti cha mstari wa mbele kabisa.

Nikavuta kanga kichwani, nikageuza kiti changu, nikaupa ukumbi mzima mgongo.

Kama hujakulia Rungwe utaniona mwehu, basi ngoja nikuambie. Huku kwetu mwanamke akishatolewa ng'ombe wa mahari hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamwamkii, jina lake halitamki. Akimwona njiani anaingia migombani. Wazee wanaita ukutila, na kwao ndiyo heshima yenyewe. Ng'ombe wa Ackson walifika kwetu Nkunga baada ya Pasaka, na tangu hapo nimeshachuchumaa kwenye chai iliyolowa, nimeshajibanza nyuma ya banda la nguruwe la watu, yote nimpishe mzee wa watu apite. Sikulalamika. Nilikuwa nampenda mwanawe.

Siku hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Ilikuwa fainali ya chemsha bongo, mwaka elfu mbili na sita. Redio mpya ya mtu binafsi kutoka Mbeya ilikuja Tukuyu na mitambo yake, inarusha moja kwa moja. Maswali ya dunia nzima: siasa, historia, nchi na miji mikuu yake, mpaka mambo ya angani. Tulibaki wawili, mimi na Jenifer wa Kisiba. Mshindi anachukuliwa kuwa mtangazaji. Mimi niliyemaliza kidato cha nne nikarudi kuchuma chai, kazi ile niliitaka hadi nikawa naiota.

"Wasikilizaji, makubwa haya!" Khalidi, mtangazaji aliyekuwa akiuliza maswali, alipiga kelele kwenye maiki. "Mshiriki wetu Tupokigwe amegeukia ukuta! Dada, kulikoni?"

"Nina mkwe humu ndani, kaka."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wenyeji walishaelewa.

"Kanuni zinasema ukiacha kiti umeshindwa."

"Sijakiacha. Nimekigeuza."

Wakapiga makofi. Khalidi akaweka tangazo la sabuni, na Ackson akarukia jukwaani harufu ya marashi ikimtangulia.

"Tupo, inuka twende. Unaniaibisha."

"Asubuhi ulinitumia meseji gani, Ackson?"

Meseji yenyewe ilikuwa bado kwenye simu yangu, na kichwani nilikuwa nayo neno kwa neno: "Mpenz, mzee haji, goti limemkamata. Kuwa na amani. Nakuombea ushinde."

"Amekuja ghafla," alisema. "Ulitaka nimfukuze baba yangu mzazi?"

"Mwombe tu akae pale varandani, maswali yaishe."

"Mzee wangu akae kwenye baridi kwa ajili ya redio? Tupo, kazi zipo siku zote. Mume hapatikani kila siku. Ukiendelea kukaa hapa ng'ombe wanarudi, na baba yako na uzee wake wa kanisa atauweka wapi uso wake?"

Hapo alinigusa panapouma, na alijua. Miguu ikaanza kuinuka yenyewe.

Asia, rafiki yangu anayeuza mitumba pale sokoni, alikuwa ameniletea maji. Akanikandamiza bega nikakaa.

"Shoga, tulia. Unajibu kwa mdomo, hujibu kwa uso."

"Asia, haya si ya kwenu," Ackson akafoka.

"Yawe ya kwetu yasiwe ya kwetu, hapa kuna kitu kinanuka, na si tope."

Tangazo likaisha. Ackson akarudi pembeni anasonya.

"Tupokigwe!" Khalidi akaita. "Nchi gani ya Ulaya imejitenga na Serbia mwaka huu?"

"Montenegro," nikauambia ukuta. "Mji mkuu Podgorica."

"Hilo la mji mkuu sijauliza, lakini hongera sana!"

Watu wakashangilia. Nyuma yangu nikamsikia mzee akikohoa, shingo yote ikanichoma kwa aibu. Nilijiona kama nimekaa uchi.

"Jenifer! Taja sayari kwa mpangilio, kuanzia iliyo karibu na jua."

Jenifer ana tabia ya kunong'ona kabla ya kujibu, na maiki haitunzi siri. Tukamsikia wote:

"Zote zangu, dada mpenzi, moyo zawadi, utunze nami..." Kisha akapaza sauti: "Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus, Neptuni. Basi. Pluto wameshaitoa Agosti."

Makofi.

Maneno yale yalikuwa yangu. Ackson aliyatunga tumekaa ukingoni mwa ziwa Kisiba, mwalimu wa jiografia na mchumba wake, ili nishike herufi za sayari kwa mpangilio. Yalikuwa yanaishia hivi: "utunze nami, Pokigwe." Mimi ndiye niliyekuwa Pluto. Alinibusu kidoleni kwa kila sayari, akaapa hakuna mtu mwingine duniani atakayeyasikia. Sasa yanatoka kinywani mwa mwanamke mwingine, mkia umekatwa, jina langu halimo.

"Jenifer," nikasema, kanga ingali usoni. "Nani kakufundisha hayo maneno?"

"Washiriki, tafadhali," Khalidi akaanza, halafu akatuachia uwanja. Nadhani alinusa kuwa wasikilizaji hawataki sabuni tena.

"Mchumba wangu," Jenifer akajibu.

"Ana jina?"

"Mwalimu Ackson. Kwani nini, shemeji?"

"Shemeji yako mimi?"

"Si umechumbiwa na kaka yake wa Tunduma? Nilipokuona unajifunika nikajua ni kwa ajili hiyo. Aliniambia."

Ackson ana kaka yake Tunduma, kweli. Ana mke na watoto, na mimi sijawahi kumtia machoni. Ukumbi uliguna kwa pamoja. Jenifer akaelewa bila kuambiwa, nikasikia maiki yake ikigonga meza.

"Ackson!" akaita. "Huyu ni wa nani?"

Jamaa akapanda jukwaani, akasimama pembeni nilipoweza kumwona. Nilidhani atakana, au atapiga magoti. Mtu mwenye haya angekimbilia mvuani. Yeye akarekebisha kola.

"Jamani, msikuze mambo. Nimewafundisha wote wawili, ndiyo maana mko hapa leo. Jenifer ni mtu wa mjini, redio inamfaa. Tupo ni mtu wa nyumbani, mama yangu amezeeka, chai inataka mchumaji. Mmoja ashike mji, mmoja ashike nyumba. Kuna ubaya gani?"

Alisema hivyo. Hewani. Mbeya nzima inasikia.

Nikasikia yale mate ya chumvi yanayotangulia kutapika. Si kwamba alikuwa na mwingine, maana wanaume wenye wawili nimewaona tangu utoto. Ni ule mpango. Ni kukaa chini mtu na akili zake, akaigeuza heshima niliyompa baba yake kuwa fimbo ya kunifukuzia. Nilichuchumaa kwenye kinyesi cha nguruwe kwa ajili ya familia hii! Na yule mdomo uliokuwa ukinibusu vidole, nikauona kama kitambaa cha jikoni kilichokaa na maji wiki nzima.

"Gwe Ackson!"

Sauti ilitoka mstari wa mbele. Mzee alikuwa amesimama, nilisikia kiti kikilia.

"Uliniambia mkwe wangu ametolewa mashindanoni wiki iliyopita. Ulikuja mwenyewe asubuhi, ukasema, 'Tata, twende, leo hakuna wa kumkimbia.' Kumbe umenileta nimvamie mkwe wangu mbele ya watu? Mimi, na mvi hizi?"

"Baba, nitakueleza nyumbani..."

"Nyamaza! Hata mbwa ana haya." Akashusha pumzi. "Mimi natoka nje. Mtoto aendelee na maswali yake. Mnisamehe, jamani."

Buti zikaanza kuburuta kuelekea mlangoni.

Nikahesabu mambo haraka kichwani. Akitoka, nabaki mkwe wake. Ng'ombe wanabaki zizini kwetu. Jioni Ackson anakuja na kilo ya sukari na maneno matamu, wazee wanakaa kikao, mchungaji anaitwa, naambiwa wanaume ndivyo walivyo, mwanangu, vumilia. Nami nitavumilia, najijua. Nitachuma chai ya mama yake mpaka mgongo upinde.

Nikageuza kiti, nikaishusha kanga mabegani, nikamtazama usoni.

"Shikamoo, mzee Andongwisye."

Mwanamke mmoja huko nyuma akamwita Mungu, "Kyala!" akaziba mdomo. Khalidi hakuelewa, lakini kila Mnyakyusa mle ndani alielewa. Nimemwamkia. Nimemtazama. Nimemtaja jina. Uchumba umekwisha, na aliyeumaliza ni mimi.

"Tupo, una wazimu!" Ackson akanidaka mkono.

Nikaung'oa. "Usiniguse. Unanitia kinyaa."

Mzee alisimama katikati ya ukumbi, ameinamisha kichwa. Angeweza kunilaani, na haki alikuwa nayo. Kisha akainua macho, akanitazama na yeye.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Akarudi kwenye kiti chake, akauweka mwavuli kati ya magoti, akakaa.

"Eeh, tuendelee?" Khalidi akauliza taratibu.

"Tuendelee," tukajibu mimi na Jenifer, pamoja.

"Jenifer, mji mkuu wa Kazakhstan?"

"Almaty."

"Pole. Walishahamia Astana, tangu mwaka tisini na saba."

Jenifer akamgeukia Ackson. "Hata hili umenidanganya!"

Watu walicheka mpaka wakalia. Maskini, atlasi ya mwalimu ilikuwa ya zamani kama hila zake.

"Tupokigwe, la mwisho. Enzi za Wajerumani, mji huu wa Tukuyu uliitwaje?"

"Neu Langenburg."

Sikusikia alichosema Khalidi baada ya hapo, maana Asia alikuwa ameshapanda mezani anapiga vigelegele. Jenifer alinikumbatia, akalia begani kwangu kidogo, kisha akavua pete ya Ackson akaiacha juu ya meza ya maji. Ackson alikuwa ameshatokomea. Hata marashi yake hayakuwepo.

Jioni simu ikalia.

"Tupo, nisikilize," sauti ya Ackson ikasema. "Baba hasemi na mimi. Umenivua nguo mbele ya dunia."

"Ulikuwa umezivua mwenyewe, mimi niliwasha taa tu."

"Bado nakupenda. Jenifer nimeshaachana naye."

"Jenifer ndiye aliyekuacha, nilikuwepo. Atlasi ununue mpya."

Nikakata. Akatuma meseji: "Tupo usinifanyie hv. Ww ndo wa nyumbani." Niliisoma mara moja, nikaifuta, nikanawa mikono kwa sabuni. Ndiyo, nilinawa.

Nyumbani hawakunipigia vigelegele. Baba hakula na mimi siku kadhaa. "Umemtaja jina mtu mzima," alikuwa akirudia, "redioni!" Mama alitembea na uso wa msiba. Kazi ilikuwa ianze mwezi uliofuata, na nilianza kufikiri nitaondoka nyumbani bila baraka ya mtu.

Kisha Mzee Andongwisye akaja kufuata ng'ombe wake. Hakumtuma mshenga wala hakumleta mwanawe. Alikuja peke yake, kwa miguu, kwenye ukungu.

Mama akanisukuma jikoni kwa mazoea. Nikachukua chai na ndizi za kuchoma, nikatoka navyo mpaka barazani, nikampa kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo," akashukuru. Akanitazama muda mrefu bila kuona haya. "Kumbe ndivyo ulivyo. Siku zote nilikuwa nauona mgongo wako tu."

"Nami buti zako, mzee."

Akacheka. Baba naye alijikuta anacheka, akajifanya amekohoa.

"Mzee mwenzangu," Mzee Andongwisye akamwambia baba, "usimnunie binti. Aliyenivunjia heshima ni niliyemzaa mimi. Huyu alinirudishia uso wangu, niende nao nyumbani."

Baba alinisogezea kigoda nikae. Tukanywa chai watu wote wanne, kitu ambacho kisingewezekana kamwe kama ningeolewa.

Ng'ombe walipotolewa zizini, mzee alisimama kidogo langoni, fimbo mkononi.

"Yule kijana kanipa salamu zako," akasema. "Ndefu kweli. Nikupe?"

"Hapana, mzee."

"Vizuri," akasema, akatema mate pembeni, akawaswaga ng'ombe wake. "Njia nzima nilikuwa naona kinyaa kuzibeba."