Thuo Alisikia Tukigonga Mlango

"Thuo! Fungua! Tunachomeka!"

Nilikuwa napiga mlango na ngumi zote mbili. Moshi mweusi ulikuwa umeshuka hadi kwa magoti.

Upande ule mwingine nikasikia sauti ya supavaiza wetu, Thuo. Huyo huyo mwenye alituombea asubuhi kabla tuanze kazi...

"Ngojeni! Kwanza tutoe magodoro kwa stoo!"

Magodoro, wapendwa. Sisi tungoje!

Naitwa Kaindi. Nilikuwa nashona magodoro kwa kiwanda fulani huku Kinoo. Tukishaingia, mlango ulikuwa unafungwa na kufuli kwa nje, eti tusiibe vitambaa. Ukilalamika unaambiwa wa kuchukua hiyo kazi wamejaa hapo geti.

Tukakimbilia choo, ilikuwa na kadirisha kadogo juu. Rafiki yangu Kalekye akainama chini yake.

"Panda mgongoni!"

"Na wewe?"

"Kaindi, panda! Ukifika nje utanivuta!"

Nilianguka kwa mawe, mkono ukavunjika. Nikainuka, nikapitisha ule mzima kwa dirisha.

"Kalekye! Shika!"

Hakuna aliyeshika...

Wengi hawakutoka siku hiyo. Tulizika mpaka wahubiri wakaishiwa na maneno.

Halafu kampuni ikasema moto uliwashwa na Kalekye. Eti alikuwa anachemsha chai ndani!

Uongo! Waya za taa zilikuwa zinatoa cheche tangu mvua ianze, na sote tulisema.

Nikaamua nitaenda kortini kuishtaki kampuni. Shida ni kwamba mume wangu, Muindi, alikuwa dereva wa kampuni hiyo hiyo.

"Mama Nzula, achana na hiyo kesi. Nikifutwa sisi na mtoto tutakula nini?"

"Alinibeba mgongoni, Muindi."

"Amekufa. Sisi tuko hai."

Nilikuwa nimechoka hata nguvu ya kukasirika sina.

Kesi ikaanza huko town. Wenzangu walionusurika waliogopa, hakuna aliyekuja. Nikasimama peke yangu, nikasema nilichosikia pale mlangoni.

Wakili wa kampuni akatabasamu.

"Na moshi wote huo, una uhakika ni sauti ya Thuo?"

"Alikuwa anatuombea kila asubuhi. Naijua."

Kisha wakamwita Thuo mwenyewe. Shahidi wao! Alikuwa na suti mpya. Moyo ukaniisha...

"Bwana Thuo, mlango ulikuwa wazi, si ndio?"

Thuo akaangalia viatu vyake.

"Bwana Thuo?"

"Ulikuwa na kufuli. Ni mimi nilifunga. Siku ya moto nilimpigia mkubwa wa kampuni simu, akasema nitoe mali kwanza."

Korti nzima ikapiga kelele! Wakili alikuwa ameiva uso kwa hasira.

"Mbona leo unabadilisha maneno?"

Thuo akaanza kulia, mtu mzima na mvi zake.

"Msichana wangu, Shiko, wamemwandika kwa kile kiwanda chao kingine. Jana ameniambia... Baba, hata sisi tunafungiwa."

Nilitaka kufurahi, aki. Lakini nikamwangalia babake Kalekye, mzee aliyetoka Makueni kuja kusikiliza, na furaha ikakataa. Si hata yeye alikuwa na msichana?

Kwa maneno hayo Thuo alishtakiwa akafungwa, mkubwa pia. Wafanyakazi wa kile kiwanda kingine wakagoma mpaka kufuli zikatolewa, wakajiunga na chama cha wafanyakazi. Shiko ndiye alikuwa mbele.

Muindi alifutwa, vile aliogopa. Mimi siku hizi nasuka nywele Kenyatta Market. Kukiwa na baridi huu mkono unaniuma, mteja ananiuliza mbona nasuka polepole.

Siku ile nje ya korti mzee alinishika bega.

"Mwanangu, jina la Kalekye umelitoa kwa matope."

Akaenda kutafuta gari la kwao.

Wapendwa, Thuo alijua ule mlango unaua. Alingoja tu mtoto wake awe ndani ndio aseme. Wewe unayeshika funguo mahali, wote uliowafungia ni watoto wa watu.

Na nyinyi mlio ndani, ongeeni mapema, mkiwa wengi. Kuongea peke yako baada ya mazishi... inachosha sana.