Upana wa Mtu Mmoja

Ubao wa mwisho wa kitanda uligoma kuingia.

Ofelia Cantú aliusukuma kwa kiganja, akausukuma kwa goti, halafu akachukua nyundo na kuugonga taratibu pembeni kama mtu anayebembeleza. Wapi! Ulikuwa umezidi kwa kiganja kizima. Akashuka nao kwenye ngazi za gari-nyumba lao, akaulaza juu ya meza ya kazi uani, akavuta futi. Kipimo kilikuwa kilekile alichokiandika kwa penseli dakika chache zilizopita, juu ya ubao wenyewe.

"Umekata vibaya," alisema mumewe, Chon, bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli lake la maharage. Alikuwa amekaa kivulini, mguu mbovu ameupandisha juu ya ndoo.

"Sijakata vibaya."

"Basi gari limenywea. Jua lenyewe hili la Texas, kizee changu, hata mimi nimenywea."

"Wewe? Na tumbo hilo?"

Chon alicheka mpaka maharage yakampalia. Ofelia hakucheka. Aliukata ubao, akapanda nao tena, na safari hii ukapelea. Kati ya ubao na ukuta kukabaki pengo la kiganja kizima, na godoro lilipowekwa juu likadidimia pale kama kinywa kisicho na meno. Aliupiga ukuta teke. Akamwomba Bikira Maria msamaha, kisha akaupiga teke la pili.

Gari-nyumba lile walilinunua likiwa gofu. Mzee mmoja kati ya wale wa kaskazini wanaokuja kuikimbia theluji huku Bondeni, kusini kabisa mwa Texas, aliliacha nyuma ya banda la kufungashia machungwa, kando ya mfereji, asirudi tena. Likakaa huko miaka na miaka, mlango ukining'inia, paa likivuja, nyigu wamejenga ndani ya jiko. Chon, aliyekuwa dereva wa basi la shule hadi goti lilipomstaafisha, aliiamsha injini. Mambo ya ndani yalikuwa ya Ofelia. Aling'oa zulia lililooza, akang'oa dari, akang'oa makabati na choo, vyote akavichoma moto uani mpaka likabaki ganda tupu la bati. Maisha yake yote alikuwa ameshona viti vya magari. Akaona hiki nacho ni kiti tu, ila kikubwa.

Na alikuwa na sababu ya kuharakisha. Nyumba walikuwa wamekwisha kumwachia mtoto wao Rogelio na mkewe Yadira, ambaye alikuwa na mimba ya mapacha na tumbo limeshamtangulia kila mlango. Wazee walikuwa wakilala sebuleni, kwenye kochi la kukunjua. Lakini iliyomsukuma Ofelia zaidi ilikuwa sababu nyingine, ya zamani. Alipokuwa mtoto, kila mwaka shule ilipofungwa, baba yake aliwapakia wote nyuma ya lori, wakaenda hadi Michigan, mbali kaskazini, kuchuma matunda ya cheri. Walilala wamebanana sakafuni, mguu wa huyu kwenye shingo ya yule, na turubai likiwapiga usoni usiku kucha. Alijiapia kwamba siku moja ataipita barabara ile tena akiwa amelala kitandani kwake, amejinyoosha, bila kuguswa na mtu. Cheri huiva mwezi wa saba. Alitaka kuzikuta mtini.

Sasa kitanda chenyewe ndicho hicho, kimegoma.

Baada ya kitanda ikafuata meza, kisha kabati la vyombo, kisha mlango wa choo, uliofunguka vizuri asubuhi na mchana ukagonga kitu katikati, mahali pasipo na kitu, ukakataa kuendelea. Alipima nje, akapima ndani. Kwa nje gari lilikuwa na urefu wake uleule. Kwa ndani, hata ukitoa unene wa kuta, kulikuwa na sehemu haipo. Ilikuwa ndogo tu, kama nafasi anayoichukua mtu akisimama kiubavu. Na sehemu hiyo ilihama. Leo ilikuwa kitandani, kesho karibu na jiko. Ofelia alibomoa ukuta wa nyuma aliokuwa ameupigilia kwa jasho lake, akachungulia hadi kwenye bati, hakuona kitu. Akaupigilia upya huku analia kwa hasira, misumari iko mdomoni.

"Nunua futi nyingine," Chon alimshauri.

"Nimenunua."

"Basi nunua macho mengine."

"Ingia wewe basi! Ingia, fundi mkubwa, ukapime!"

Chon alichukua fimbo yake akapanda, anaimba. Wimbo ukakatika. Aliposhuka alikuwa ameshika bisibisi mkononi na hakumtazama mkewe usoni. Akakaa kwenye kiti chake.

"Nimekwenda kuchukua hii," alisema kwa sauti ya chini. "Pale kwenye kijia. Mtu amenipisha."

"Mtu gani?"

"Sijui. Nimepita, akajibana ukutani kunipisha. Ofelia, mimi nimemwambia asante kabla sijajua ninamwambia nani."

Tangu hapo Chon hakutania tena habari za gari, na kimya chake kilimtisha Ofelia kuliko ule ukuta. Ikaanza na harufu, harufu ya nguo zilizoloweshwa zikasahaulika ndooni, ikija na kuondoka hata madirisha yote yakiwa wazi na upepo unapita. Ikafuata sauti: alipopiga randa, upande wa pili wa ukuta kiganja kilikuwa kikiburuzwa sambamba naye, kwenda na kurudi, na aliposimama ghafla, kiganja kile kilichelewa kidogo ndipo kikasimama.

Naye hakuacha kazi. Ukaidi huo alizaliwa nao. Mpaka mchana mmoja, jua likiwa utosini, kuku wa jirani wakiparura chini ya gari na redio ya Yadira ikisikika kutoka jikoni, Ofelia alibeba kopo la rangi akaingia kwenye kile kijia kati ya jiko na choo, kijia alichokipanua mwenyewe ili mumewe apite na fimbo yake, na kikambana bega, akajigeuza kiubavu, kikambana kifua, akataka kurudi nyuma akakuta nyuma nako kumefungana, na pale alipokwama, mbele ya uso wake pakiwa na hewa tupu na mwanga wa dirishani na vumbi likielea ndani yake, akahisi kitu kimelala juu ya kifua chake, kipana kama kifua cha mtu, chenye ubaridi wa kitambaa kibichi, na kitu hicho kilikuwa kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka taratibu, na alipoziba pumzi yake ili kusikiliza, nacho kikaziba pumzi.

Hakukumbuka alivyotoka. Chon alimkuta amekaa kwenye ngazi, rangi ya manjano imemmwagikia mapajani.

"Nimechoka," alisema. "Chon, mimi nimechoka."

Chon alichukua funguo za pikapu akaenda kumleta bibi mganga, Doña Eduviges.

Doña Eduviges alikuwa na duka la mitishamba karibu na wauza matairi, na hakuna mama Bondeni ambaye hajawahi kumpelekea mtoto aliyepigwa jicho la husuda. Alikuja amevaa raba na miwani ya jua, na mfuko wa plastiki wenye majani machungu ya sadabu ya kufagilia mikosi, mayai na chupa ya maji ya baraka. Alipiga ishara ya msalaba, akaingia peke yake. Walimsikia akifagia kuta kwa majani, akisali, akigonga hapa na pale. Alipotoka, yai alilokuwa amelishika lilikuwa limetoka jasho kama chupa iliyotoka kwenye friji.

"Ni yule mzee aliyeliacha?" Ofelia alinong'ona. "Alifia humo?"

"Siyo maiti, mwanangu. Maiti ana jina, ukimwita anageuka. Huyu hajawahi kuwa mtu." Doña alitazama nyuma, akashusha sauti zaidi. "Kuna viumbe hukaa pale watu walipohama. Bibi yangu aliwaita wenyeji. Mkikikuta kitu kimeachwa, kumbe kina mwenyewe. Mmemkuta amelala, mkamng'olea zulia, mkamng'olea dari, mkachoma moto. Wala hajawadhuru. Amejibana, anawapisheni. Anataka upana wa mtu mmoja tu."

"Na mimi nautaka huohuo! Ni wangu, nimeulipia!"

"Najua. Basi lazima aonyeshwe mahali patupu, patajwe, ndipo aende. Lile banda la machungwa je?"

"Limevunjwa," alisema Chon. "Wanajenga maghala."

"Basi tutafute pengine. Tusiharakishe. Nipeni hadi Ijumaa."

Hadi Ijumaa! Neno hilo ndilo lililomvunja Ofelia. Vipimo vyote, mbao zote zilizoharibika, usiku wote wa kochi lenye chuma mgongoni, vilimpanda kichwani kwa pamoja. Akalipokonya lile fungu la sadabu, akapanda ndani akizichapa kuta kushoto na kulia, majani yakiruka.

"Toka! Sikutaki! Toka humu! Nenda popote unapotaka, popote pale, ila humu utoke!"

Gari zima likayumba kama mtu mzito ameshuka. Mlango ukafunguka hadi mwisho. Kuku wakakimbia. Kule nyuma, ubao mpya wa kitanda, aliokuwa ameukata kwa kipimo cha kwanza na kuuegemeza ukutani, ukateleza wenyewe, ukaangukia mahali pake, ukakaa sawasawa bila mwanya hata wa kuingiza ukucha.

Ofelia aliketi juu ya kitanda akacheka na kulia. Doña Eduviges peke yake ndiye hakufurahi. Alisimama mlangoni amevua miwani.

"Umemwambia aende wapi?"

"Umesikia mwenyewe. Popote."

"Popote," Doña alirudia, akitazama uani, akitazama nyumba, "ni neno baya sana kumwambia asiye na pa kwenda."

Kwa siku kadhaa kazi ilikwenda kama siagi kwenye tortilla ya moto. Meza ilikaa. Milango ilifunga. Ofelia alishona mapazia, akashona makochi, akaimba. Alikuwa akipigilia ndoano ya mwisho ya taulo pale Yadira alipokuja uani polepole, ameshika kiuno.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kitanda cha mtoto wa pili hakiingii chumbani."

Nyundo ilibaki hewani.

"Jana viliingia vyote viwili, nilivitandika mwenyewe. Leo asubuhi nimekuta kimoja kimesukumwa hadi mlangoni. Rogelio amepima, anasema nimekosea. Mama, mimi sijakosea. Halafu kuna harufu mle. Kama nguo mbichi."

Kile chumba walikuwa wamekipaka rangi upya, dirisha wakaliacha wazi rangi ikauke. Hakuna aliyelala humo bado. Kilikuwa chumba kitupu, safi, kinasubiri.

Ofelia aliiweka nyundo chini. Alimwambia Yadira abaki uani na Chon, akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba nyuma yake. Vitanda viwili vidogo vilikuwa vimebanana upande mmoja. Upande wa pili, chini ya picha ya malaika mlinzi, hapakuwa na kitu, na pazia la hapo lilikuwa limetuna, limezunguka umbo fulani, linapanda na kushuka.

Alitamani kukimbia. Zaidi ya hapo alitamani kupiga kelele, avunje kitu, amwulize Mungu kwa nini kila alichowahi kukitaka hapa duniani lazima agawane na mtu. Badala yake alisogea hadi mbele ya lile pazia.

"Hapa ni pa watoto," alisema taratibu. "Hapa hapana. Nimekosea kukufukuza vile. Nami nimelala kwenye sakafu za watu, najua. Twende. Kule kwangu kuna nafasi. Ya mtu mmoja. Nitakuonyesha."

Akafungua mlango, akasimama kando kama mtu anayempisha mgeni. Pazia likalala. Ubaridi ukampita begani. Akatembea kupitia sebuleni, jikoni, hadi uani, polepole, asigeuke. Chon alipomwona anavyotembea alimvuta Yadira kando, akavua kofia.

Ndani ya gari Ofelia alifungua kabati la nguo alilolitengeneza la mbao nzuri kuliko zote, kabati lake, akazitoa gauni zake zote, akang'oa rafu na fimbo ya kutundikia. "Ni humu," alisema. "Hadi hapa. Kitanda ni changu."

Mlango wa choo, uliokuwa umefunguka nusu, ukafunguka wenyewe hadi mwisho.

Mapacha walizaliwa salama, na chumba chao kilikuwa kipana. Mwezi wa sita ulipokwisha, wazee waliaga wakaelekea kaskazini. Walilivuka jimbo la Arkansas Ofelia akiwa amejinyoosha kitandani, mikono ameitandaza, anayatazama mawingu dirishani, na kwa saa nzima alikuwa mtu mwenye furaha. Kisha akaja mbele kukaa karibu na mumewe.

Baada ya maili nyingi Chon akamwinamia, akanong'ona huku macho yakiwa barabarani.

"Nasikia Michigan kuna mashamba mengi watu wamehama. Mabanda matupu kibao. Tukifika, tumtajie moja, tumwache hukohuko."

Ofelia alimfinya paja kwa nguvu. "Nyamaza!"

Alikuwa amechelewa. Nyuma yao mlango wa kabati, ambao huachwa wazi kidogo kila siku, ulijivuta kutokea ndani, taratibu, kama unavyovutwa na mtu aliyesikia kila kitu na hakupendezwa.