Chumba Kilichomsubiri Mthamini

Kwanza ilikuwa harufu ya pasi. Ile ya nguo mbichi inayopigwa pasi ya moto, mvuke wake ukikuingia puani. Fundi aliijua kuliko harufu ya jikoni kwake, maana miaka kumi na mmoja alikuwa akila kwa cherehani. Shida ni kwamba ilikuwa saa nane mchana, umeme ulikatika tangu asubuhi, na harufu yenyewe ilitoka kwenye chumba cha uani kilichoungua miezi mitano iliyopita.

Akaenda akainua turubai lililotundikwa badala ya mlango. Ndani mlikuwa vilevile: cherehani nne zimekunjamana kwa moto, mabati yameanguka, majivu ya vitambaa vya wateja yanafika kwenye kifundo cha mguu. Hapakuwa na mtu wala pasi.

Sasa utauliza, watu gani hawa wanaoishi miezi mitano na chumba cha majivu, hawana hata ufagio? Ufagio walikuwa nao. Walikuwa na barua pia. Siku tatu baada ya moto, kampuni ya bima iliwaandikia: msiondoe, msisafishe, msikarabati chochote mpaka mthamini afike akague, mkigusa dai lenu limekufa. Na mume wake, Mwalimu, ndiye mtu ambaye ukimwambia subiri, atasubiri mpaka aote mizizi. Barua aliibandika ukutani sebuleni. Mthamini akawa wa wiki ijayo, mara wa mwisho wa mwezi, mara yuko likizo, mara faili limehamishiwa ofisi nyingine. Walipigwa danadana mpaka wateja wa Fundi wakatafuta mafundi wengine, na yeye mwenyewe akaacha kuuliza.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa miaka saba. Walimpachika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea usingizini. Ndiye aliyesema, siku mbili baada ya ile harufu, huku akimenya chungwa jikoni:

"Mama, yule fundi mwingine mbona hali?"

"Fundi gani?"

"Wa uani. Anashona tu. Anasema amechoka kufanya kazi peke yake, anataka mtu wa kumshikia kitambaa."

Fundi akaitua sufuria chini. "Usiende tena huko. Umenisikia?"

"Sasa mama, si yeye ndiye mwenye chumba? Anasema mmemwachia."

Tangu siku hiyo Fundi alisikia mwenyewe. Kila mchana, jua likiwa kali na nyumba za jirani zimenyamaza, cherehani ya miguu ililia nyuma ya turubai, ta-ta-ta-ta, ikisita kidogo pale mshonaji anapokunja kona, kisha inaendelea, na yeye akikaa jikoni amejiziba masikio alijikuta anahesabu mshono, anajua hapa ni bega, hapa ni mkono, hapa ni pindo, mpaka akatambua kwamba nguo inayoshonwa ilikuwa ndogo, nguo ya mtoto.

Jumamosi wakamleta mganga. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, amebeba mkoba kama wa karani. Alichungulia chumbani, hakuingia, akarudi nyuma hatua mbili akasema kwa sauti ya chini:

"Nani amewaambia mumtunzie mahali?"

"Bima," alisema Mwalimu.

"Mahali palipoharibika pakiachwa wazi muda mrefu, majini huona ni pao. Zoeni majivu yote leo, kabla jua halijazama. Mwageni maji, tieni mlango, mmoja wenu alale humo na taa. Ataondoka tu. Leo bado hajachukua kitu."

"Mthamini anakuja Jumatatu," Mwalimu akasema. "Safari hii wamethibitisha kwa simu."

"Baba Chiriku, tuzoe," Fundi akamnong'oneza.

"Siku mbili, mke wangu. Tumengoja miezi mitano, tushindwe na siku mbili? Kwani wewe hutaki kushona tena?"

Hapo alimshika pabaya. Alitaka kushona. Alitaka mpaka vidole vilimuwasha. Akanyamaza, na huko kunyamaza kwake hatajisamehe mpaka anaingia kaburini.

Jumatatu gari la mthamini liliharibika. Wakaambiwa Alhamisi.

Jumanne mchana Fundi alirudi kutoka dukani, akaita, hakuitikiwa. Akaita tena. Turubai likasogea, Chiriku akatoka mle chumbani na sare zake za shule. Alitembea juu ya majivu yale yote, lakini soksi zake zilikuwa nyeupe pe.

"Ulikuwa unafanya nini humo?"

"Samahani, mama. Sitarudia tena."

Akaenda kunawa mikono bila kuambiwa. Usiku alikula kimya, akaosha sahani yake, akaenda kulala. Mwalimu akafurahi, masikini, akasema mtoto ameanza kukua. Cherehani haikulia tena mchana. Badala yake kilisikika kilio chembamba, cha mbali, kama kinatoka chini ya godoro. Akajiambia ni paka. Alijiambia hivyo kila siku, na kila siku aliamini kidogo kuliko jana.

Alhamisi, saa tano asubuhi, mthamini akafika kweli. Kijana nadhifu, kamera shingoni. Hakukaa chumbani hata dakika tatu. Alitoka akijifuta uso, akaomba maji, akanywa nusu glasi.

"Yule mama humo ndani ni nani wenu?" aliuliza.

Hakungoja jibu, akaingia garini akaondoka.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Dai limekataliwa. Mthamini amekuta chumba kiko katika hali nzuri na kinatumika kwa kazi ya ushonaji, ushahidi umeambatanishwa. Ushahidi ulikuwa picha moja. Kuta nyeupe, bati zima, cherehani inang'aa. Mwanamke amekaa ameipa kamera mgongo, amevaa kile kitambaa cha zambarau cha mteja kilichoungua siku ya moto. Chini, karibu na miguu yake, alikuwa Chiriku na sare zake za shule, ameshika ncha ya kitambaa, mdomo wazi, analia. Pembeni iliandikwa Alhamisi, saa tano na dakika nane. Saa hiyo Chiriku alikuwa shuleni, baba yake alimpeleka kwa mkono wake.

Fundi akainua macho. Chiriku alikuwa mezani anaandika kazi ya shule, mwandiko umenyooka.

Mwalimu akainuka. Alibandua barua ya zamani ukutani, akaichana, akaenda kuchukua koleo.

Walizoa mchana kutwa. Walizoa kama vichaa, yeye kwa koleo, mkewe kwa ufagio na mikono, majivu yakiwajaa kooni, na kadiri walivyozoa ndivyo kile kilio kilivyopanda, sasa si cha mbali tena, sasa kiko hapa chini ya kucha zao, kikikatika kwa kwikwi kama cha mtoto aliyelia mpaka pumzi imemwishia, na Fundi alizidi kuharakisha, akijua ni jini linalohamishwa, akijiambia lilie tu, lilie litoke, mpaka gunia la mwisho likawa zito kuliko majivu yanavyoweza kuwa na wakalibeba wawili. Lori la taka likapita. Likachukua magunia yote kumi na nne.

Jioni mganga akaja. Safari hii aliingia chumbani, akasimama katikati, akavuta pumzi.

"Hapa ni pasafi," alisema.

Fundi akalia kwa raha, kwa mara ya kwanza tangu moto. Chiriku akasogea, akainama kwa adabu.

"Shikamoo."

Mganga hakuitikia. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akamwambia aende nje.

"Huyu ameacha kuongea tangu lini?"

"Tangu Jumanne ile," alisema Fundi. "Kabla ya mthamini kuja."

"Na majivu?"

"Lori limechukua mchana."

Mganga akakaa kwenye sakafu, na mkoba wake mapajani. "Siku niliyowaambia mzoe," alisema, "mwanenu alikuwa huko nje, na lile lilikuwa humu ndani. Jumanne walibadilishana."

Mwalimu alitoka mbio bila viatu.

Siku hizi hafundishi tena. Anashinda jalalani, anachimba kwa mikono, anaita. Kila siku malori yanamwaga taka nyingine juu ya zile za jana. Waokota chupa wamemzoea, humwachia maji ya kunywa. Fundi yuko nyumbani na huyu mwingine. Humpakulia chakula, humfulia sare, humchana nywele, maana asipofanya hivyo hajui kitatokea nini, na uso ule bado ni uso wa mwanawe.

Jana walikuwa mezani wawili.

"Mama, baba anatafuta nini kila siku?"

Fundi akasogeza sahani yake pembeni.

"Mwambie apumzike," mtoto akasema taratibu, akipangusa mdomo. "Mwenzangu ameacha kulia tangu juzi."