Kichupa cha Maji Matupu

Kila Jumamosi Kidomo alifuatana na shangazi yake hadi maabara. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu hakukosa jibu. Kazi ya shangazi ilikuwa kuchunguza seli za damu za watoto wagonjwa, ajue kama jeni fulani ndani yake inafanya kazi au imelala. Mashine ilinakili ujumbe wa jeni hiyo mara nyingi mno, hata ukaonekana kama mstari unaong'aa chini ya taa ya zambarau. Kichupa kimoja kilitiwa maji matupu. Hicho kilitakiwa kibaki giza. Kikiwaka, ni ishara kwamba uchafu umeingia, na majibu yote ni ya kutupa.

Siku hiyo Kidomo aliruhusiwa kutia matone. Aliambiwa abadilishe ncha ya pipeti, kile kifaa cha kunyonyea matone, kwa kila kichupa, damu isije ikahamia kichupa kingine. Alipofika kwenye maji akaingiwa na uvivu. Maji tu, akajisemea.

Taa ilipowashwa, maji yakawaka.

Shangazi alifura. Damu ya mtoto mgonjwa aliyekuwa akipimwa siku hiyo ilibaki tone la kurudia mara moja tu. Akamgeukia fundi wa maabara aliyeandaa maji yale, akamshutumu kwamba ameacha chupa ya maji wazi, na kumwamuru kuanzia leo asiguse sampuli yoyote.

Fundi alivua glavu taratibu. "Dada, chupa niliifunga kwa mkono wangu," alisema. "Lakini ukishaamua, mimi ni nani?"

Kidomo akawa bubu. Alimwona fundi akitoa mkoba wake kabatini, akamshika shangazi mkono.

"Shangazi, ni mimi. Sikubadilisha ncha."

"Ulikuwa unasubiri nini? Afike kwao?" Macho ya shangazi yaliwaka. "Kukosea si ajabu, mikono yako bado migeni. Umenyamaza nikimvunjia mtu heshima."

Kisha akamwomba fundi radhi, mbele ya Kidomo. Fundi, uso bado umekunjamana, akachukua glavu mpya.

Walirudia. Jeni ya mtoto iliwaka; maji yakabaki giza.

"Sijawahi kufurahi hivi kwa kuona hamna kitu," fundi alisema.

Shangazi hakucheka. "Maji ndiyo shahidi wetu," alimwambia Kidomo. "Shahidi akichafuka, tunamlaumu asiye na kosa. Leo walichafuka wawili, maji na wewe. Maji tumeyamwaga. Wewe umejisafisha mwenyewe, ila umechelewa. Siku nyingine usichelewe."