Wazee Walisubiri Gari Kotile

Soko la mifugo la Garissa lilikuwa limefurika siku Abdihafid alipomkanyaga Idil mguu.

"Wewe, huna macho?" Idil akafoka, akiweka sawa mtandio wake wa manjano.

"Ninayo, ila yote yako kwako."

Idil akacheka bila kupenda, na hapo Abdihafid, fundi wa kompyuta, akawa amekwisha. Idil aliuza mbuzi kwa picha mtandaoni. Abdihafid akawa fundi wake, kisha mpenzi wake.

"Umekula, roho yangu?" Abdihafid humuuliza kwenye simu.

"Nitakulaje, nawe uko mtaa wa Waberi?"

Baba yake Idil akakubali kupokea wazee wa kijana, Ijumaa baada ya alasiri. Wazee hao walikuwa kijijini Kotile, mbali na Garissa, na Abdihafid ndiye wa kuwaendea kwa gari.

Asubuhi hiyo mfumo wa Idil ukagoma. Programu zake zilikaa ndani ya kontena, yaani kisanduku cha programu, na kontena ndani ya kompyuta pepe, ile inayoigizwa ndani ya kompyuta halisi. Picha za mbuzi hazikutoka nje.

"Iache mpaka Jumatatu, wallahi," Idil akasema kwenye simu. "Nenda kawachukue wazee."

"Dakika tano tu, mpenzi. Nikuoe na mfumo mbovu?"

Akapima mtandao, jibu likarudi. Picha, wapi! Akabadilisha anwani, akawasha kila kitu upya. Kila akipima, jibu linarudi, naye anasema sasa hivi, sasa hivi. Jamani, ukaidi wa mafundi! Alasiri ikiadhiniwa ndipo akagundua: vipimo vyake vilikwenda kwa vifurushi vidogo, yaani vipande vya data, vikapita. Picha zilikwenda kwa vifurushi vikubwa kuliko kompyuta pepe ilivyoruhusu, vikatupwa njiani. Akapunguza ukubwa wa vifurushi. Picha zikatoka zote.

Wazee walikuwa bado Kotile, wamevaa kanzu, wameketi. Na kwa kina Idil ami zake wote walikaa mbele ya nyama iliyopoa. Baba aliona ametukanwa mbele ya ukoo.

Jumapili Idil akapiga simu.

"Wazee wa kijana mwingine wamekuja kutoka Banissa kuniposa. Baba amewakubalia."

"Idil, nilikuwa nakutengenezea wewe!"

"Nilikuomba? Nilikuomba wazee tu." Akalia. "Nakupenda, Abdihafid, na sitakupigia tena."

"Ngoja! Nije kwa baba leo hii, nimwangukie."

"Uje na nani?"

Wazee wa Kotile walikuwa wameapa kwamba hawatamposea tena.