Sinia la Ijumaa

Saa moja asubuhi, katika Chuo cha Tiba Kazi mjini Tabora, Kalunde alikunja vidole vyake hewani kama mtu aliyeshika kijiko. Kilomita nne kutoka hapo, kwenye ghorofa ya tisa ya jengo jingine, vidole vya Bi. Mwanaisha vilijikunja vivyo hivyo, vikashika kijiko cha kweli na kuchota uji.

Kifaa kilichowaunganisha kiliitwa mkono mlezi. Ulikuwa utando mwembamba usiopitisha maji, uliovalishwa mgonjwa tangu kiwiko hadi ncha za vidole. Ndani yake mlikuwa na maelfu ya nyuzi zilizojikunja na kujinyoosha kama misuli. Mwanafunzi alikaa chumbani chuoni na kuvaa glavu. Alichofanya yeye, mkono wa mgonjwa ulifuata, na alichogusa mgonjwa, mwanafunzi alikihisi kama mgandamizo kwenye vidole vyake. Sauti nayo ilipita, lakini joto na unyevu havikupita. Kadiri siku zilivyokwenda, mkono mlezi ulipunguza nguvu zake kidogo kidogo, mpaka mgonjwa akaweza peke yake.

Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akijifunza Kalunde, usaidizi wa tiba kazi: kumrudishia mtu aliyeugua shughuli zake za kila siku, kula, kuvaa, kuchana nywele. Alikuwa mwaka wa mwisho, na hakuwa amewahi kumgusa mgonjwa hata mmoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekunywa chai?"

Bi. Mwanaisha aliuliza hivyo kila siku, na hapakuwa na mwingine aliyemuuliza. Mama yake Kalunde alikuwa fundi kwenye kituo cha Mwezini, na sauti yake ilifika mara moja kwa juma. Wanafunzi wenzake nao walishinda kila mmoja chumbani mwake, mlango umefungwa, glavu mkononi.

"Bado, bibi."

"Basi tunywe uji huu. Mkono wako, tumbo langu." Bibi alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kwani kiharusi kilikuwa kimeulegeza upande wa kulia. "Tena mkono huu una adabu kuliko marehemu mume wangu. Unanilisha, haununi, wala hauniambii chumvi imezidi."

Mtihani ulikuwa Ijumaa, siku nne mbele. Wakati wa chakula cha mchana mashine ingempima mgonjwa na kutoa alama ya kujitegemea. Akipata themanini au zaidi, mwanafunzi amefaulu, mgonjwa amehesabiwa kuwa amepona, na mkono mlezi unachukuliwa kupelekwa kwa mwingine. Akipata chini ya hapo, mgonjwa anabaki nao na mwanafunzi anarudia mwaka. Bi. Mwanaisha alikuwa na tisini na nne. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyekuwa na mgonjwa wa alama hizo.

Lakini kila juma utando ulizidi kumpwaya mkononi: bibi alikuwa anakonda.

Kalunde alipotazama kumbukumbu za mkono mlezi, aliona kwamba kila Ijumaa mchana mlango wa bibi uligongwa. Alisikiliza. Ilikuwa sauti ya jirani wa mlango wa pili, Bi. Tatu.

"Mwanaisha, pilau tayari. Tunakungoja."

"Leo nimechoka. Kuleni tu."

Majuma kumi na sita, jibu moja. Na kila mara, baada ya muda, sahani ilisikika ikiwekwa chini taratibu mbele ya mlango. Bi. Tatu hakugonga mara ya pili, asije akamwaibisha mwenzake.

"Bibi," Kalunde aliuliza, "mbona huendi kwa Bi. Tatu?"

Bibi alikitua kijiko.

"Tunakula sinia moja, mwanangu. Miaka thelathini sasa, sisi wanne. Nitautiaje mkono wa kushoto kwenye chakula cha watu?"

"Lakini wanajua unaumwa."

"Wanajua. Wataniwekea sahani yangu pembeni, na kijiko, kwa huruma. Nitawatazama nikiwa kama mgeni. Heri nikae kwangu, ingawa chakula cha peke yangu hakishuki."

Kalunde aliitazama glavu yake. Ilikuwa ya mkono wa kushoto.

Akakumbuka siku ya kwanza. Mashine ilikuwa imempa njia mbili. Kuufundisha mkono wa kushoto, ulio mzima, kazi zote za mkono wa kulia: miezi minne. Kuuamsha mkono wa kulia: miezi saba, na lazima uanze kabla mishipa haijalala kabisa. Mashine ilipendekeza ya kwanza, na Kalunde akabonyeza *Kubali* bila kumuuliza bibi mwenyewe. Alikuwa amelelewa katika shule za bweni, kila mtoto na sahani yake na kijiko chake. Haikumjia akilini kwamba mkono wa kula unaweza kuwa na maana nyingine zaidi ya kufikisha chakula mdomoni.

Alikwenda kwa mkufunzi wake, Mwalimu Kasanda. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho yaliyochoka kwa kutazama vioo vya mashine.

"Ukihamia mkono wa kulia leo, Ijumaa atapata chini ya arobaini," alisema.

"Nisipohamia, Jumamosi watamvua, na mkono wa kulia utalala moja kwa moja."

"Ndiyo." Alimsogezea kiti. "Kaa kwanza, Kalunde. Siwezi kukuambia ufanye, wala siwezi kukukataza. Ila lazima mtu aende kwa miguu akauhamishe. Anwani unayo."

Kesho yake alasiri Bi. Mwanaisha alifungua mlango, akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Kumbe u mfupi hivi. Sauti yako ni ya mtu mrefu."

Kalunde alimweleza yote, pamoja na ile siku ya *Kubali*. Bibi alisikiliza.

"Na wewe mwaka wako?"

"Nitaurudia."

"Usijiharibie, mwanangu. Mimi nimeshazoea."

"Hujazoea, bibi. Unakonda."

Bibi alinyoosha mkono wa kushoto ili avuliwe. Ngozi chini ya utando ilikuwa imekwajuka. Kalunde aliifuta kwa kitambaa, kisha akauchukua mkono wa kulia na kuuweka magotini pake. Ulikuwa mzito na wa baridi. Hakujua kwamba mkono wa mtu una uzito kiasi hicho, kwani kwenye glavu alihisi vidole tu. Alikaa nao kidogo kabla ya kuuvalisha.

Ijumaa mchana, Bi. Tatu aligonga mlango, akasema maneno yale yale. Kalunde, akiwa chumbani kwake chuoni na glavu mpya ya kulia, akasikia:

"Nakuja. Ila nitawachelewesha."

"Tuna haraka ya kwenda wapi sisi?" alijibu Bi. Tatu.

Walikaa mkekani. Kalunde alishusha vidole polepole, na kwenye ncha zake akahisi punje za wali. Alikusanya, akafinyanga tonge, akainua. Tonge la kwanza lilimwagika. La pili vilevile. La tatu lilifika. Hakuna aliyesema neno juu ya hilo. Wenzake walizungumza habari za mvua na za binti wa mtu fulani, na Kalunde alitambua kwamba walikuwa wanamega vidogo vidogo, wakitafuna taratibu, ili sinia lisiishe kabla ya mwenzao kushiba. Kisha akahisi kitu kigumu kikigusa vidole vyake. Mtu alikuwa akisukuma kipande cha nyama upande wa bibi, kimyakimya.

"Karibu, mjukuu," Bi. Mwanaisha alinong'ona kuuelekea mkono.

"Asante, bibi. Kuleni."

Kioo mbele yake kikawaka. *Alama: 31. Hali: anategemea wengine. Mtihani umekwisha. Vua glavu.*

Nje, kwenye ujia, milango ilikuwa ikifunguka na wenzake wakipongezana kwa vicheko. Hakuna aliyegonga mlango wake. Kalunde hakuvua glavu. Mkekani walikuwa hawajanawa, na mkono wa bibi haungeweza kunyanyuka peke yake.

Alisikia maji yakimiminwa kwenye bakuli. Kisha vidole vya Bi. Tatu viliushika mkono wa mwenzake, vikaanza kuutoa wali, kidole kimoja baada ya kingine, bila haraka. Katika chumba kile cha chuo Kalunde alifumba macho, mkono wake mkavu ameuacha wazi hewani, akaoshwa.